Hita ya Mwalimu

Jumamosi hiyo, saa mbili asubuhi, Mwalimu alikuwa mezani akisahihisha madaftari ya darasa la sita aliposikia ukelele bafuni. Haukuwa ukelele wa mtu aliyeteleza. Ulianza, ukakatika katikati kama uzi, kikafuata kishindo, kisha maji tu yakimiminika.

Aliyekuwa bafuni ni mama mkwe wake.

Mwalimu alisimama. Mguu mmoja ulimpeleka mpaka mlangoni, wa pili ukagoma. Mkewe alikuwa zamu huko zahanati, anakofanya kazi ya ukarani. Nyumbani walibaki wawili, yeye na mkwewe, na huyo mkwe yuko nyuma ya mlango, hana nguo. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yao, Mwalimu hakuwahi hata kukaa kiti kimoja na mama huyu. Akiingia sebuleni, yeye hutafuta sababu ya kutoka.

"Mama?" aliita. "Mama, kuna nini?"

Maji yakaendelea kumiminika.

Ndipo akakimbia. Lakini hakuukimbilia mlango. Aliikimbilia swichi kuu iliyokuwa ukutani sebuleni, akaishusha kwa kiganja kizima, redio ikanyamaza. Kisha akatoka mbio hadi uani, ambako jirani yao, Mama Mapacha, alikuwa akianika nguo.

"Mama Mapacha, njoo! Njoo upesi, Mama ameanguka bafuni!"

"Ameanguka, na wewe unanitafuta mimi? Huna mikono?"

"Ni mkwe wangu. Anaoga."

Mama Mapacha aliitupa kanzu ya mtu kwenye beseni akaja. Mwalimu aliupiga mlango kwa bega mara tatu, komeo likang'oka na skrubu zake. Papo hapo akageuza uso ukutani, akanyoosha mkono nyuma akimpa yule mama shuka alilolinyakua kwenye kamba ya nguo. Akabaki hivyo, amekodolea macho rangi ya ukuta iliyobanduka, akisikia nyuma yake mtu akihema na mtu mwingine asiyehema vizuri.

"Mwalimu, mzito! Simwezi peke yangu. Geuka unisaidie!"

"Mfunike kwanza."

"Nimemfunika ninavyoweza, shuka lenyewe limelowa! Mtu anakufa huku, wewe unaheshimiana na ukuta?"

Akageuka. Alichokiona hakumsimulia mtu yeyote, na hapa pia hakitasimuliwa. Itoshe kusema kwamba mama yule alikuwa amelala kwa ubavu, mkono wa kushoto umepinda pasipo na kiungo, na kiganja cha kulia kimeungua mstari mweusi, upana wa bomba la maji. Mwalimu alishika upande wa mabega, Mama Mapacha upande wa miguu, wakamtoa. Na kwa kuwa njia ya kutokea ilikuwa uani, na kwa kuwa ukelele una masikio mengi, majirani watano au sita walikuwa wamekwisha kujipanga mlangoni.

*

"Aliteleza," Mwalimu alimwambia daktari.

Daktari alikuwa kijana wa miwani, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Alikigeuza kile kiganja cha kulia, akakitazama, akamtazama Mwalimu.

"Mzee, mtu akiteleza anavunjika. Haungui. Mkono huu umeshika umeme. Tutautia plasta huu uliovunjika, lakini hatumruhusu kuondoka, moyo wake unadundadunda ovyo. Tuutazame siku tatu nne. Kwenu kuna nini bafuni?"

"Kuna hita ya maji."

"Nani aliifunga?"

Mwalimu hakuwahi kukosa jibu la swali fupi. Ila alisikia viatu vya mkewe vikija kwa kasi kwenye korido, akanyamaza mpaka vikafika. Mkewe alikuwa bado na kalamu nyuma ya sikio. Alimshika mama yake mguu kwanza, kwa juu ya blanketi, kama anayehakikisha bado upo. Alipoelezwa kuwa ni umeme, aligeuka.

"Si Plaizi ndiye aliyefunga ile hita?"

Na hapa ndipo Mwalimu alipopewa nafasi. Angeweza kusema. Daktari alikuwa akiandika, mkewe akimtazama, mgonjwa amefumba macho.

"Ndiye," alisema.

Hebu tuseme ukweli ulivyokuwa. Mama mkwe alikuja kwao wiki tatu kabla ya hapo kwa ajili ya kliniki ya magoti, na daktari wa magoti akaagiza maji ya moto asubuhi na jioni. Mke wa Mwalimu alivunja kibubu chake, akampa mumewe hela ya hita na hela ya fundi. Fundi umeme wa mtaa ni mtu mmoja mwembamba aitwaye Plaizi, kwa sababu ya koleo asilotoa mfukoni hata akienda msibani. Plaizi alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. "Hapa huwezi kudokoa umeme wa taa, Mwalimu," alisema. "Hita inakula sana. Itabidi tuvute waya mnene kutoka swichi kuu, na tuchimbie ethi nje, umeme ukivuja uteremke ardhini usimpande mtu. Kazi ya siku mbili." Akataja bei, akanywa maji, akaondoka.

Mwalimu alikaa akaifikiria ile bei. Miaka kumi na moja alikuwa akifundisha sayansi. Betri, balbu, waya, njia ya umeme inavyozunguka, yote hayo aliyachora ubaoni mpaka chaki ikamfanya apige chafya. Leo aje kufundishwa na mtu aliyeishia darasa la saba? Akachukua hela ya fundi akaiongeza kwenye ya hita, akanunua hita kubwa kuliko waliyokubaliana, mkwe aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu hivi hivi. Mkewe alipokwenda sokoni, yeye akapanda stuli. Aliunganisha hita na waya wa taa ya bafuni, waya mwembamba kama tambi. Ule waya wa tatu, wa kijani na njano, hakuona pa kuufunga, akaukata akaukunja. Fyuzi ikaungua mara mbili. Mara ya tatu akaweka kipande cha waya wa shaba badala yake, na haikuungua tena. Alifurahi.

"Plaizi amekuja?" mkewe aliuliza aliporudi.

"Amekuja."

Neno moja tu. Na kwa kweli Plaizi alikuwa amekuja, siku nne kabla.

*

Jumapili alasiri mke wa Mwalimu alijifunga kanga kiunoni akasema anakwenda kwa Plaizi. Mwalimu akamwambia asubiri, mambo haya yana utaratibu wake.

"Utaratibu gani? Mama yangu amefungwa mashine kifuani, unaniambia utaratibu? Kama huendi, kaa."

Mwalimu akamfuata, hatua kumi nyuma, kama mtu asiyemjua.

Kibanda cha Plaizi kilikuwa kati ya kinyozi na mwuza mitumba, na siku za Jumapili palijaa watu. Plaizi alikuwa amefungua feni, vipande vyote amevipanga juu ya gazeti. Binti yake wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Mwalimu, alikuwa amekaa kwenye kreti ndani akifanya kazi ya nyumbani.

"Fundi, mama yangu yuko hospitali."

"Pole sana, dada. Anaumwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Hita uliyofunga imempiga shoti! Amevunjika mkono, ameungua, moyo wake haujulikani kama utarudi! Hela yangu ulikula, na kazi ukafanya ya kuua watu!"

Mashine ya kinyozi ikazimwa. Mtu aliyekuwa ananyolewa akageuza kichwa chenye nywele upande mmoja.

"Hita niliyofunga mimi?" Plaizi aliuliza taratibu. Macho yake yalimpita yule mama, yakatua kwa Mwalimu aliyesimama kando ya mitumba. "Dada, mimi nilikuja kutazama tu. Nikataja bei, haikupendwa. Sikuushika hata msumari wa nyumba yenu. Mwulize mwenyewe, huyo hapo."

"Mafundi ni walewale! Kazi ikiharibika, hamjui mtu."

"Mwulize, dada. Mwalimu, sema basi."

Watu wote wakageuka. Mwuza mitumba alikuwa ameshika suruali hewani. Yule binti ndani ya kibanda aliacha kuandika.

Mwalimu alilowesha midomo. "Mambo haya," alisema, "si ya kuzungumzwa barabarani. Twende nyumbani, mke wangu."

Hakukubali wala hakukana, na ndani ya moyo wake alijipongeza kwa hilo: hakusema uongo mwingine. Lakini watu hawakulisikia hivyo. Walisikia mwalimu mstaarabu anayemsitiri fundi mhuni. Hata kabla hawajafika kona, mama mmoja alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kibanda.

"Nipe pasi yangu, fundi."

"Sijaifungua bado, mama. Nimekuahidi kesho."

"Ndivyo ninavyoitaka, hivyohivyo. Nitatafuta mtu mwingine."

Mwalimu aliyasikia maneno hayo mgongoni. Hakugeuka.

*

Jumatatu, kipindi cha kwanza, alikuta darasa la sita likicheza mchezo mpya. Binti wa Plaizi alikuwa akipita kati ya madawati kwenda kwenye kiti chake, na kila aliyemgusa kiwiko aliruka, akatetemesha mikono, akapiga kelele, "Shoti!" Darasa zima linaangua kicheko. Kisha anayefuata: "Shoti!"

"Msimguse! Babake atatuma umeme!"

Walipomwona Mwalimu walinyamaza, wakasimama. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Binti alikaa wa mwisho. Hakuwa akilia. Alifungua daftari, akaandika tarehe, akaipigia mstari kwa rula, mstari ulionyooka sana. Mwenzake wa dawati moja alikuwa amejisogeza pembeni kabisa, nusu ya makalio yake iko hewani.

Mwalimu alishika chaki. Huu ndio wakati, alijiambia. Ni maneno matatu tu. Akawatazama wale watoto arobaini na nane waliokuwa wakimtazama kama wanavyomtazama kila siku, kama mtu anayejua.

"Fungueni ukurasa wa thelathini na mbili," alisema.

*

Alasiri alikwenda hospitali. Mkewe alikuwa ametoka kufuata dawa. Mama mkwe alikuwa ameketi, ameegemezwa mito miwili, mkono mmoja plasta, mwingine bandeji, nywele zake za mvi zimefunikwa vizuri. Mashine imeondolewa. Mwalimu alisimama kwenye miguu ya kitanda.

"Shikamoo, Mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama tu, Mama."

"Kaa. Umeshaniona uchi, kiti hakitatuongezea aibu."

Akakaa. Kiti kilikuwa cha chuma, cha baridi. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala, au amejifanya amelala.

"Mwanangu ameniambia amemtukana fundi mmoja mbele ya watu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Ameniambia kwa fahari. Eti amenilipia kisasi. Mimi nimezeeka magoti, baba, sijazeeka masikio. Siku ile ya kwanza nilipooga yale maji, nikatoka nikakusifu, uliniambiaje?"

Mwalimu alitazama mikono yake.

"Sema. Nimesahau. Umeme umenifuta kichwa."

"Nilikwambia, Mama... nimeifunga mwenyewe. Kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wako. Nami nikauombea dua mkono huo."

Nje, mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu. Walisubiri lipite.

"Na siku tatu kabla sijaanguka, nilikuja kukwambia bomba linaning'ata vidole. Nilikwambia, sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Ukanijibuje?"

Alikumbuka neno kwa neno, kwa sababu alikuwa amelieleza vizuri, kwa mifano. Alimwambia ni ganzi tu. Alimwambia damu ya mtu mzima ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye moto huchachatika, hali ya kawaida ya mwili. Na mama alitikisa kichwa kwa shukrani, akarudi bafuni, kwa kuwa aliyesema ni Mwalimu.

"Nisamehe, Mama."

"Hilo tutaliona baadaye. Mkono utaunga, na kama hautaunga, nimeshaula umri wangu. Mimi nakuuliza jambo jingine. Mama Mapacha amekuja hapa, amenisimulia ulivyogeuza uso ukutani. Nikafurahi. Nikasema, mkwe wangu ana haya. Kumbe haya zako ziko machoni tu, mdomoni hazijafika."

Mwalimu alihisi machozi, akayazuia, kwa kuwa kulia mbele ya mkwe kungekuwa aibu nyingine juu ya aibu.

"Mbona hukumwambia?" aliuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba mumewe mwongo? Mimi nimelea, nimeoza, kazi yangu imekwisha. Hiyo ni yako. Nenda kamwambie leo, jua likiwa bado lipo. Ukinichelewesha nitamwambia mimi, na mimi sitapamba."

*

Alimkuta mkewe kwenye bomba la nje, karibu na lango la hospitali, akisuuza chupa ya chai. Alimwambia akiwa amesimama, kwa maneno machache kuliko aliyokuwa ameyaandaa njiani. Mkewe hakugeuka. Aliendelea kusuuza ile chupa, maji yakaingia yakatoka, yakaingia yakatoka, mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma na ndoo akakohoa.

"Mama Mapacha aliniambia," mkewe alisema mwishowe, "kwamba alipoingia ndani taa zilikuwa zimezimika. Kwamba ulikimbilia swichi kwanza. Nikamwambia, ndiyo faida ya kuolewa na msomi. Kumbe ulikimbilia kwa sababu ulijua."

"Nilihisi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nilimwita mtu mwuaji. Mbele ya mtoto wake. Wewe umesimama kwenye mitumba unanitazama." Alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena. "Mdomo ulikuwa wangu, matusi yalikuwa yako. Sasa nitaosha kwa nini?"

Tangu walipooana alikuwa akimwita Mwalimu, kama watu wote. Jioni ile, na siku nyingi baadaye, alimwita wewe.

"Wewe, kesho saa kumi tunakwenda kibandani. Na hutakaa nyuma yangu."

*

Siku ya pili yake Plaizi hakuwa na kazi mezani. Gazeti lilikuwa tupu mbele yake, kijiti cha meno mdomoni. Kinyozi alikuwa na wateja wawili, na mwuza mitumba alipowaona tu Mwalimu na mkewe, aliwaita wenzake wa upande wa pili wa barabara kwa kidole.

Mke wa Mwalimu alianza. "Fundi, nilikuja hapa juzi nikakutukana. Nilikosa. Naomba radhi mbele ya hawa hawa waliokuwepo." Kisha akasogea pembeni, nafasi ikabaki wazi, nafasi ya mtu mmoja.

Mwalimu aliingia pale.

"Hita niliifunga mimi," alisema.

"Sauti!" mtu alisema nyuma, labda kwa ubaya, labda kweli hakusikia.

"Hita niliifunga mimi! Fundi alinishauri, nikaona bei kubwa, nikaona najua. Nikamwambia mke wangu ni fundi. Na juzi nilipoulizwa hapa, nikanyamaza. Fundi hana kosa lolote."

Alitarajia zogo. Hakukuwa na zogo. Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine alisema taratibu, "Mwalimu mzima," na neno hilo lilimchoma kuliko tusi, kwa kuwa halikusemwa kwa hasira bali kwa masikitiko, kama watu wanavyosema wakiona gari zuri limeanguka mtaroni.

Plaizi alitoa kijiti mdomoni.

"Uliifunga na waya wa taa?"

"Ndiyo."

"Na ethi?"

"Niliukata."

"Fyuzi?"

"Niliweka waya wa shaba."

Plaizi alifumba macho, akatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba alikuwa na hofu, hofu ya mtu anayeiona picha nzima. "Mshukuru hamkuzika," alisema. "Mngezika mmoja, halafu nyumba ikawaka ikawamaliza waliobaki. Dada, yako nimeipokea. Ulikuwa na uchungu wa mama. Wewe, Mwalimu..." Akakitupa kile kijiti. "Mimi nimezoea. Fundi kuitwa mwongo si habari. Jana mwanangu alirudi hapa akaniuliza, 'Baba, kweli hukuifunga?' Ameniuliza mara mbili. Mwanangu mwenyewe. Unajua kwa nini? Kwa sababu kwenye mizani yake nilikuwa mimi upande huu, na mwalimu wake upande ule."

Mwalimu alifungua mdomo kuomba radhi.

"Mimi usiniombe radhi. Kamwambie yeye. Mwambie pale anapochezewa."

"Nitamwambia. Na nyumbani, fundi, kama utaweza kuja kututengenezea..."

"Nyumbani kwako siji," Plaizi alisema. Hakuwa amepandisha sauti. "Tafuta mwingine."

*

Jumatano alisimama mbele ya darasa la sita bila chaki. Alikuwa amepanga kuanza na somo, kueleza kazi ya waya wa tatu, halafu aingize jambo lake humo humo kama mfano. Aliufungua mdomo, akaona huo nao ni ujanja, akauacha.

"Bibi aliyepigwa na umeme ni mama mkwe wangu," alisema. "Aliyefunga umeme vibaya ni mimi. Baba wa mwenzenu hakufunga. Mimi nilijua, nikaacha watu wamseme yeye, na nikaacha ninyi mumchezee huyu. Mimi ndiye niliyekosa."

Kwa desturi yao, Mwalimu akimaliza kusema wao huitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Safari hii hawakujua kama hapo palikuwa mahali pake. Wawili watatu waliitikia, wengine wakawatazama, wakaacha.

Kisha mkono mmoja ukapanda, kule nyuma. "Mwalimu, ulikuwa hujui au ulikuwa unajua?"

"Nilidhani najua."

"Na bibi atapona?"

"Mkono utapona. Kiganja wanasema vidole viwili havitakunjika tena."

Binti wa Plaizi alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameanza kuandika tarehe, na rula iko mkononi. Mwenzake wa dawati alisogea, akarudi mahali pake, bega likagusana na bega. Hakuna aliyesema shoti. Binti hakuinua uso mpaka kengele ikalia.

*

Fundi aliyekuja kutoka mtaa wa mbali aling'oa kila kitu. Alimwonyesha Mwalimu ule waya wa taa, ngozi yake imeyeyuka kama mshumaa, shaba iko nje, mahali ulipokuwa umelalia kipande cha bomba la chuma. "Hapa ndipo umeme ulipolivamia bomba," alisema. "Kidogo kidogo, kila siku. Nani aliifanya kazi hii?"

"Mimi," Mwalimu alijibu. Neno lilitoka bila kusukumwa. Lilikuwa limeshazoea njia.

Mama mkwe aliruhusiwa siku ya tisa. Bafuni palikuwa pamewekwa hita ndogo, ethi imechimbiwa nje, fundi ameipima mbele ya mke wa Mwalimu kwa bisibisi yenye taa ya kuonyesha umeme. Mama alisimama mlangoni akaitazama, akalitazama bomba, akaukunja mkono wake wa bandeji kifuani.

"Ni salama sasa, Mama," binti yake alisema. "Nimeoga mwenyewe mara nne."

"Oga tu mwanangu. Mimi nichemshieni maji kwenye sufuria."

Mkewe alitaka kubishana. Mwalimu akamwashiria amwache. Na kwa kuwa mkewe huondoka alfajiri kwenda zamu, kazi ikawa ya Mwalimu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alichemsha maji, akayachanganya na baridi, akayajaribu kwa kiwiko kama wanavyofanya wanaoogesha watoto wachanga. Aliibeba ndoo hadi bafuni, akaiweka chini pole pole isigonge saruji, akampitia Mama Mapacha aje kumsaidia bibi kufungua vifungo, kwa kuwa mikono yote miwili ya bibi bado haifai.

"Mama, maji tayari."

"Haya. Nenda mbali kidogo."

Naye alitoka, akapita uani, akapita lango, akaenda kusimama kabisa barabarani, mahali ambapo sauti ya maji haifiki. Wapita njia walimsalimu. Wengine walijua anangoja nini, wengine hawakujua, na wasiojua wakiuliza, "Mwalimu, mbona uko nje mapema?" aliwajibu, "Mama anaoga."

Ni saa hizo pia watoto walikuwa wakipita kwenda shule. Asubuhi moja, wiki ya tatu, walikuja kundi la wasichana wanne, mabegi mgongoni, wakaona Mwalimu wao amesimama kando ya mtaro, shati lake limelowa maji mikononi. Wakasita, wakatazamana.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema watatu.

Wa nne alikuwa binti wa Plaizi. Alimtazama usoni, kwa utulivu, muda wa hatua mbili tatu. Hakusalimu. Akapita.

Mahali popote duniani, mwalimu angemwita mtoto huyo arudi asalimu. Mwalimu aliwajibu wale watatu, "Marahaba," akamwacha yule mmoja aende na salamu yake. Binti alikuwa na haki nayo.

Nyuma yake Mama Mapacha aliita kutoka langoni kwamba bibi amemaliza. Mwalimu akarudi ndani kuchukua ndoo.